Mzee apewe sekunde zake barabarani

Kazi yangu ni kupanga barabara na usafiri wa mjini, na hapa Kisumu kitu kinanisumbua kuliko jam ni wazee. Chukua mama wa miaka 75 anaenda kliniki ya presha Russia, ile hospitali kubwa ya rufaa ya hapa, ashuke Kondele na fimbo yake, magari yanakuja, boda nayo inatokea upande ambao si wake, sasa huyo anavuka aje?

Hesabu ni hii. Mainjinia wengi huchukulia mtu anatembea mita 1.2 kwa sekunde, kwa hivyo barabara ya mita 14 anaimaliza kwa sekunde kama 12. Mwenye magoti mabaya akienda mita 0.8 anahitaji sekunde 17 na nusu, na hizo tano na nusu za ziada anazimalizia kwa lami gari zikimjia. Marekani mwaka 2009 walishusha mwendo wanaotumia kupanga taa za kuvukia, kutoka futi 4 kwa sekunde hadi 3.5, ndio wanaotembea pole wafike. Sisi vivuko vingi havina hata taa, kwa hivyo mimi napigania kisiwa cha katikati, kile kijukwaa unasimama upumue, uangalie upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Si kitu cha bei ya flaiova jamani.

Halafu kuna matatu. Ngazi iko juu, konda anasema haraka mathe, dere anang'oa kabla mtu hajakaa, mzee anaanguka ndani ya gari na nyonga inavunjika. Hakuna magari yaliyogongana hapo, so mara nyingi hakuna anayeiandika kama ajali, na kisichoandikwa hakipangiwi bajeti. Dere kungoja abiria akae hakuhitaji pesa ya mtu yeyote!

Tuktuk kwa maoni yangu ndio inawafaa zaidi, iko chini na unakaa vizuri kuliko kupanda boda, lakini nauli yake kwa mtu anayetegemea ile shilingi 2,000 kwa mwezi ya Inua Jamii, pesa ambayo serikali huwapa wazee, ni mzigo.

Katiba kifungu cha 57 kinataka wazee waishi kwa heshima na washiriki mambo ya jamii, na mtu hawezi kushiriki kama anaogopa kuvuka. Kaunti ikiita watu kutoa maoni ya bajeti, nendeni na wazee wenu, mtaje kivuko chenyewe kwa jina na muulize kisiwa chake kitajengwa mwaka gani.