Kilomita 450, lakini dakika ngapi?

Ukitafuta kwenye intaneti safari kati ya viwanja viwili vidogo vya ndege, utapewa namba mbili: umbali na muda. Ya kwanza kwa kawaida ni sahihi. Ya pili mimi huitilia shaka, na kazi yangu ni kuandaa mipango ya safari za ndege.

Umbali huo ni wa duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Angalia tu kipimo: sisi hutumia maili ya baharini, ambayo ni mita 1,852, kwa hiyo kilomita 450 kwetu ni maili 243.

Muda ndio wenye mambo. Chukua ATR 72, ndege ya panga boi inayokwenda takriban kilomita 500 kwa saa. Gawanya, unapata dakika 54. Jeti ya kilomita 830 kwa saa inakupa kama dakika 33. Kwenye karatasi jeti imeokoa dakika 21, lakini angani haziokoki zote. Jeti hunufaika ikiwa juu, tuseme futi 35,000, na kwa hesabu ya haraka ya marubani, kila futi 1,000 za kushuka zinahitaji maili tatu za kwenda mbele. Hizo ni maili 105, karibu kilomita 195, za kushuka tu! Ongeza za kupanda, uone kinachobaki katikati. Ndiyo maana safari fupi hupangiwa kimo cha chini zaidi, na huko chini ya futi 10,000, katika sehemu nyingi za anga, mwendo hautakiwi kuzidi noti 250, yaani maili 250 za baharini kwa saa. Kwa njia kama hii mimi sioni aibu kuitetea panga boi.

Halafu kuna upepo. Wengi huamini kwamba ukikuzuia wakati wa kwenda utakulipa wakati wa kurudi. Haulipi wote. Ile ATR ikikutana na upepo wa mbele wa kilomita 100 kwa saa, itatumia dakika 67 na nusu. Ikirudi na upepo huohuo mgongoni, dakika 45. Jumla ni 112 na nusu badala ya 108, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoizuia.

Upepo huohuo ndio huamua ndege iruke ikielekea wapi. Ndege huruka na kutua ikiukabili, hivyo kama uendako ni magharibi na upepo unatoka mashariki, utaanza kwa kuipa safari kisogo, kisha ugeuke. Katika safari ya saa kumi hakuna anayeligundua hilo. Katika safari ya saa moja linaonekana kwenye saa.

Ratiba ya tiketi, kwa upande wake, huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya kule iendako, pamoja na kusubiri zamu ya kuruka. Mashirika huongeza humo dakika za akiba pia, ndiyo maana unaweza kuchelewa kuondoka na bado ukafika kwa wakati. Ukipanga kuunganisha ndege, shika saa ya ratiba. Soma pia majira ya kila upande: saa ya kuondoka ni ya unakotoka, ya kufika ni ya uendako.