"Ni utani tu": wanayoyaamini wazazi kuhusu kijana na mwili wake

Dhana: Kumwita mtoto "bonge" au "kimbaumbau" ni utani wa nyumbani, na utamfanya ajirekebishe.

Hii ndiyo inayoharibu zaidi, kwa sababu msemaji hana nia mbaya. Huko Minnesota, Marekani, watafiti wa Project EAT waliwafuatilia vijana kwa miaka mingi wakaona kuwa kutaniwa uzito huambatana na kunenepa zaidi baadaye, si kupungua. Sababu yake haijifichi. Aliyetaniwa huacha kifungua kinywa, hukwepa chakula cha mchana, kisha usiku njaa humshinda na hubugia chochote akiwa peke yake. Kesho yake hujilaumu na kuanza upya kushinda njaa.

Kama mlo unahitaji kubadilika kweli, badilisheni wa nyumba nzima: maji mezani badala ya soda, mboga na matunda kwa wote. Usimpikie chungu chake peke yake. Na ndugu akianza mbele ya wageni, mkatishe kwa heshima: "Shangazi, huyu tumwache. Hebu tupe habari za safari."

Dhana: Binti akinenepa akiwa na miaka 11, apunguze kula.

Balehe huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana, 9 na 14 kwa wavulana. Mafuta ya nyonga na mapaja ni sehemu ya ukuaji huo, na katika kilele chake binti huweza kurefuka sentimita 8 hivi kwa mwaka. Ukimnyima chakula hapo, unaupunguzia mwili unachojengea mifupa na damu. Akishavunja ungo anahitaji madini ya chuma zaidi: dagaa, maharage, mchicha, na chungwa pembeni ili chuma kifyonzwe vizuri.

Wavulana nao husahauliwa. Wengi wao huvimba matiti kidogo wakati wa balehe, wakaanza kukataa kuvua shati uwanjani au kuoga na wenzao bwenini. Mwambie mapema kwamba kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya miezi 6 hadi miaka 2. Uvimbe mgumu wa upande mmoja, au chuchu inayotoa majimaji, uonwe na daktari.

Dhana: Mkorogo na vidonge vya kuongeza makalio ni urembo tu, ukivikuta vitupe.

Mkorogo mara nyingi huwa na zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au steroidi kali (dawa za aina ya homoni). Zebaki huumiza figo. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba na huleta chunusi na michirizi ya kudumu.

Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kimyakimya, vingi ni deksamethazoni, ambayo nayo ni steroidi, au siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula. Deksamethazoni huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa. Na hapa ndipo mzazi mwenye hasira hukosea: anavitupa chooni siku hiyohiyo. Kijana akiwa amemeza deksamethazoni kwa wiki kadhaa, huenda tezi zilizo juu ya figo zimeacha kutengeneza homoni zake zenyewe. Akiacha ghafla anaweza kutapika, presha ikashuka, hata akafa. Mpeleke hospitali pamoja na pakiti yenyewe, ili daktari aamue namna ya kuviacha.

Dhana: Mwambie kila siku "wewe ni mrembo", yatosha.

Si vibaya, ila bado sura ndiyo inayobaki mada. Sifia pia alichofanya: alivyokimbia, alivyombeba mdogo wake. Nawe usijibane tumbo mbele ya kioo ukilalamika, anakusikia.

Dhana: Kujinyima chakula na kujitapisha ni ugonjwa wa Wazungu.

Televisheni iliingia Nadroga, katika visiwa vya Fiji kwenye Bahari ya Pasifiki, mwaka 1995, mahali ambapo mwili mnene ulisifiwa. Mwaka huo hakuna msichana kati ya waliohojiwa aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11.3. Simu za watoto wetu zina picha nyingi kuliko televisheni ile.

Mfikishe kituo cha afya ukiona anakwenda chooni kila baada ya kula, anapungua haraka, anazimia, au hedhi iliyokuwa ya kawaida imekosekana miezi 3. Usianze kwa kumtuhumu mimba. Anza kwa kumwambia ulichokiona, mkiwa wawili tu, na si wakati wa kula.