Kumwacha Mwanamke Nje ya Utafiti Si Kumlinda

"Wajawazito na wanawake wa umri wa kuzaa wasiingizwe kwenye majaribio ya dawa, kwa usalama wao." Hii ndiyo dhana inayosikika kuwa na huruma kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoumiza wengi zaidi. Chanzo chake kinajulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, maelfu ya watoto walizaliwa na viungo pungufu baada ya mama zao kumeza thalidomidi, dawa ya usingizi na kichefuchefu. Mwaka 1977 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikaelekeza kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasihusishwe katika hatua za mwanzo za majaribio, na mwelekeo huo ulidumu hadi 1993. Lakini thalidomidi iliwafikia wajawazito bila kuchunguzwa vya kutosha. Kosa lilikuwa uchunguzi mdogo, na suluhisho lililotolewa kwa kosa hilo likawa uchunguzi mdogo zaidi.

Mwanamke aliyezuiwa kwenye jaribio hajazuiwa kuugua. Ataandikiwa dawa ileile siku moja, tena pasipo mtu wa kumfuatilia kwa karibu kama anavyofuatiliwa mshiriki wa utafiti.

Hilo tulilishuhudia Afrika mwaka 2018. Dolutegraviri, ambayo kwenye kliniki za VVU wengi wanaiita DTG, ilikuwa inaanza kusambazwa kama dawa bora kuliko zilizotangulia: inashusha virusi haraka na usugu dhidi yake hujitokeza kwa nadra. Mwezi Mei utafiti wa Tsepamo nchini Botswana ukatoa tahadhari. Kati ya wanawake 426 waliokuwa wakiitumia waliposhika mimba, 4 walipata watoto wenye kasoro za ubongo au uti wa mgongo, kiwango kikubwa kuliko kwa waliotumia dawa nyingine za VVU. Nchi kadhaa zikawafungia wanawake mlango, hata wale ambao hawakuwa na mpango wa kuzaa, wakaambiwa wabaki na dawa za zamani. Julai ya mwaka huohuo wanawake wa Afrika wanaoishi na VVU walikutana Kigali, wakakataa zuio la jumla. Walidai taarifa kamili, uzazi wa mpango, na haki ya kuamua wenyewe. Walikuwa sahihi. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza dawa hiyo kwa watu wote, wakiwemo wajawazito, na kadiri Botswana ilivyoendelea kuhesabu watoto wanaozaliwa, tofauti ile iliyotisha ilipungua hadi ikatoweka. Ushahidi kuhusu mimba ungekusanywa mapema, kwa utaratibu na kwa ridhaa ya wanawake, hofu ile isingewakuta mikono mitupu.

Maabara nako kuna dhana yake: kwamba panya jike huvuruga matokeo kwa sababu ya homoni zinazopanda na kushuka. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2014 ulionyesha kuwa majike hawatofautiani zaidi wao kwa wao kuliko madume. Visingizio vya miongo vikaishia hapo, ingawa mazoea hayajaisha.

Kisha kuna wanaodhani afya ya mwanamke ni tumbo la uzazi na leba. Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoua wanawake wengi zaidi duniani. Zolpidemu, dawa ya usingizi, ilitumika miaka mingi kabla ya Marekani kupunguza kwa nusu dozi ya kuanzia ya wanawake mwaka 2013, baada ya kubainika kuwa asubuhi dawa hubaki nyingi zaidi katika damu yao. Na huko kwenye uzazi kwenyewe tumepuuza mengi: endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana wa umri wa kuzaa, na bado binti anayejikunja kwa maumivu kila mwezi huambiwa avumilie, ni kawaida.

"Wasichana hawapendi sayansi." Duniani, wanawake ni takriban theluthi moja ya watafiti, lakini Asia ya Kati na Amerika ya Kilatini na Karibea wanakaribia nusu. Kama ingekuwa maumbile, jiografia isingebadilisha kitu. Tatizo liko kwenye ngazi. Miaka kati ya uzamivu na kuongoza utafiti wako mwenyewe ndiyo miaka ya kuzaa na kunyonyesha, na wafadhili wengi huhesabu miaka tangu ulipohitimu bila kuuliza ulikuwa wapi. Baraza la Utafiti la Ulaya humwongezea mama miezi 18 ya kustahili kuomba fedha kwa kila mtoto. Mfadhili yeyote anaweza kuiga kanuni kama hiyo, na ningependa kuiona katika kila tangazo la fedha za utafiti Afrika Mashariki.

Wapo wanaosema jinsia ya mtafiti haibadilishi sayansi. Uchambuzi wa makala takriban milioni 1.5 za kitabibu, uliotoka 2017, uligundua kuwa pale wanawake wanapoongoza, matokeo yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuchambuliwa kwa jinsia. Anayeuliza swali huamua nini kitajibiwa.

Tazama Kenya. Profesa Nelly Mugo wa KEMRI, Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kenya, na mtafiti mwenzake Ruanne Barnabas waliongoza jaribio la wasichana na wanawake vijana 2,275 wa Thika, Nairobi na Kisumu, wakiuliza kama dozi moja ya chanjo ya HPV, virusi vya papiloma vya binadamu, inatosha. Matokeo ya 2022: dozi moja ilizuia kwa asilimia 97.5 maambukizi sugu ya aina mbili za virusi hivyo zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi. Mwanza nako, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti uliopima kinga inayotokana na dozi moja, mbili na tatu. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja. Tanzania, iliyokuwa ikitoa mbili tangu 2018, ilihamia dozi moja mwaka 2024, na muuguzi anayebeba chanjo kwenda shule ya kijijini hahitaji tena kumtafuta binti yuleyule miezi sita baadaye.