Je, wajua jengo huingiaje akilini mwa mtu?

Mwanafunzi anayetafiti jinsi usanifu wa majengo unavyogusa saikolojia huanza mara nyingi kwa kuwauliza wakazi kama wanalipenda jengo lao. Swali hilo halimfikishi mbali, kwa kuwa mtu huzizoea kuta zake hata asitambue zinamfanyia nini. Jengo humfikia kupitia macho, masikio, na uhuru wake wa kuamua akutane na nani na lini. Hayo ndiyo ya kupimwa.

Tuanze na mwanga. Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kuiambia saa ya mwili kama ni mchana au usiku. Huitikia zaidi mwanga wa buluu, wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 480 hivi. Nje, hata mbingu ikiwa na mawingu, mchana huwa na maelfu ya luksi (kizio cha kupimia mwangaza). Ofisi yenye taa za kawaida huwa na 300 hadi 500 tu. Anayeshinda mbali na dirisha hupata ishara dhaifu, na usingizi wake wa usiku unaweza kuvurugika. Kosa la kawaida hapa ni kupima mwanga juu ya meza. Shika kipimo wima, mita 1.2 hivi kutoka sakafuni, kikielekea anakotazama aliyeketi.

Kinachoonekana dirishani nacho kina uzito. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: wagonjwa 46 waliotolewa kibofu cha nyongo, nusu wakitazama miti na nusu ukuta wa matofali. Wa miti walilazwa siku 7.96 kwa wastani, wa ukuta 8.70, tena wa miti walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Uzuri wa kazi hiyo uko kwenye maandalizi. Aliwapanga wawili wawili, wakilingana kwa umri, jinsia na hata uvutaji sigara, na akachukua miezi ya majani pekee, maana mti uliopukutika ni mandhari nyingine kabisa.

Korido inafundisha zaidi, kwa maoni yetu. Katika miaka ya 1970 wanasaikolojia Andrew Baum na Stuart Valins walilinganisha mabweni ya chuo yenye nafasi karibu sawa kwa kila mkazi. Katika baadhi, watu zaidi ya 30 walitumia korido moja ndefu na bafu moja. Katika mengine, vyumba viligawanywa kwa vikundi vya wanne hadi sita. Wa korido ndefu walilalamika msongamano, na hata walipokuwa nje ya bweni waliketi mbali zaidi na wageni. Mita za mraba hazikuwa na kosa. Kilichowachosha ni kukutana bila hiari kila walipofungua mlango. Basi hesabu milango inayofunguka kwenye njia moja, na watu wanaolazimika kupishana hapo kwa saa.

Kuhusu kimo cha dari, nenda polepole. Majaribio yapo, ila athari yake hubadilika kulingana na kazi anayopewa mtu.

Kikwazo kikubwa cha tafiti hizi ni kwamba watu huchagua wanapokaa. Mwenye uwezo huchukua chumba tulivu chenye dirisha zuri, kisha utulivu wake ukahesabiwa kuwa kazi ya dirisha. Dawa yake ni kupima watu wa jengo lilelile, kabla na baada ya badiliko moja. Mwanasaikolojia Arline Bronzaft alifanya hivyo katika shule moja ya New York iliyopakana na reli ya treni inayopita juu ya nguzo. Mwaka 1975, yeye na mwenzake walionyesha kuwa watoto wa madarasa ya upande wa treni walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande tulivu. Reli ikawekewa vipande vya mpira vya kupunguza kelele, madarasa yakapata dari za kufyonza sauti. Alipopima tena, pande mbili zilikuwa zimelingana.