Je, wajua kwanini watu wa jogingi wanazoeana haraka kuliko watu wa ofisi moja?

Ukikaa Dar, iwe Temeke, Mbagala, Ilala au Kinondoni, Jumapili alfajiri jua halijatoka vizuri utawasikia kabla hujawaona. Inaanza filimbi, afu mtu mmoja anaanzisha wimbo, afu watu thelathini arobaini wanaitikia huku miguu inapiga lami kwa pamoja, tisheti za rangi moja, jina la klabu limeandikwa mgongoni. Vikundi vya jogingi hivyo, siku hizi mitaa mingi vipo, na Zanzibar ndo usiseme, kule kila Januari 1 vikundi vya mazoezi vinakutana kwenye bonanza kubwa la kufungulia mwaka.

Sasa ukiwafuatilia hawa watu kuna kitu utakiona. Mtu kajiunga mwezi wa kwanza kwasababu kaambiwa presha iko juu apunguze mwili, hapo kikundini hamjui hata mmoja. Mwezi wa nane anafiwa na mama yake, nenda msibani uangalie nani wamejaa pale. Watu wa jogingi. Wao ndo wamekusanya rambirambi, wao ndo wanapanga viti, wao ndo wanahangaika na maji na turubai. Na huyu huyu mtu kazini kwake amekaa na wenzake miaka minane, dawati kwa dawati, na wapo wasiojua hata anaishi wapi. Inakuwaje miezi nane ya kukimbia inazaa kitu ambacho miaka minane ya ofisi haijazaa?

Tuanze na muda maana ndo mzizi wa jambo lenyewe. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas kule Marekani anaitwa Jeffrey Hall, mwaka 2018 alitoa utafiti wake kuhusu watu waliohamia sehemu mpya na wanafunzi walioanza chuo, aliwafuatilia kujua inachukua masaa mangapi kukaa na mtu mpaka awe rafiki. Akapata kwamba kama masaa 50 hivi ndo mtu unayemjua juu juu anakuwa rafiki wa kawaida, yakifika kama 90 ni rafiki kweli, na rafiki wa kufa na kuzikana anataka masaa 200 na zaidi. Piga hesabu ya jogingi basi. Mnakutana mara mbili kwa wiki, kupasha misuli, kukimbia, kunyoosha viungo, afu kijiweni kwenye supu na chapati, jumla masaa kama mawili kila mnapokutana, manne kwa wiki. Miezi mitatu 50 imefika. Mwaka unaisha uko kwenye 200. Hakuna aliyekaa chini akapanga kuwa rafiki wa mtu, ratiba ya kikundi ndo imewakusanyia masaa bila wao kujua.

Utauliza, mbona ofisini masaa ni mengi zaidi? Hall naye aliliona hilo, masaa ya kufanya kazi pamoja hayabebi uzito sawa na masaa ya mapumziko, ya kucheza, ya kupiga stori. Na ukifikiria inaingia akilini kabisa, kazini umewekwa na hao watu, hukuwachagua, na kuna bosi na kuna cheo na kuna nani atapandishwa, kwahiyo hata ukicheka unacheka kwa kipimo. Jogingi hakuna aliyekulazimisha kuamka saa kumi na moja, na wenzako nao wanajua umekuja kwa mapenzi yako, na hilo peke yake tayari limewaambia kitu kuhusu wewe.

Ila masaa tu hayatoshi. Kuna watu wanaenda jimu mwaka mzima, saa ile ile, wanapanda mashine zilizopangana, kila mtu na iafoni masikioni, na hawajuani majina. Kwahiyo kuna kitu kingine, nacho ni kufanya kitu kimoja kwa mpigo mmoja. Hapa kuna utafiti mmoja mzuri sana wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, wa wapiga makasia, walioufanya wakiongozwa na Emma Cohen na matokeo yakatoka kwenye mwaka 2009 kuelekea 2010. Waliwachukua wanamichezo wa timu ya chuo wakawapigisha makasia kwenye mashine za ndani, siku nyingine mtu peke yake, siku nyingine wote kwa pamoja kwa mpigo mmoja, kazi ya mwili ikiwa ile ile. Baada ya hapo wanawafunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, wanakijaza upepo taratibu, mtu aseme inapoanza kuuma. Waliopiga makasia pamoja walivumilia maumivu zaidi kuliko walivyovumilia walipokuwa peke yao.

Kwanini wapime maumivu wakati wanatafuta urafiki? Kwasababu mwili ukifanya kazi unatoa kemikali zinaitwa endofini, zinatuliza maumivu na zinaleta ile raha ya baada ya mazoezi, lakini zile zinazofanya kazi kwenye ubongo huwezi kuzipima kirahisi kwa kutoa damu ya mkononi, kwahiyo watafiti wanapita njia ya pembeni, ukivumilia maumivu zaidi wanachukulia endofini zimepanda. Na hizo hizo endofini zinahusishwa na ile hali ya kumuona mwenzako yuko karibu na wewe, kumuamini, kutaka kuendelea kukaa naye. Yaani raha unayoipata mwilini unaipata ukiwa umezungukwa na hao watu, na inakaa kwao.

Afu wanaimba. Hiki mimi nakiona ndo siri kubwa ya jogingi ya kwetu na watu hawakipi uzito wake. Tuliosoma shule za msingi Tanzania mchakamchaka wa asubuhi tunaujua, mmoja anaanzisha wengine wanaitikia, mguu unashuka kwenye neno. Kwanza ule wimbo unadhibiti spidi, maana huwezi kuimba huku unakimbia mbio za kufa, pumzi haitoshi, kwahiyo kundi zima linakaa kwenye mwendo ambao hata mama mwenye kilo 95 aliyeanza juzi anaweza kuufuata. Na mwendo huo ambao bado unaweza kutoa sauti ndo watu wa mazoezi wanaupendekeza kwa anayeanza. Pili, kuimba kwenyewe kunaunganisha watu kwa haraka ya ajabu.

Mwaka 2015 watafiti wengine wa Oxford, Eiluned Pearce, Jacques Launay na Robin Dunbar, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu wazima Uingereza waliojiandikisha kwenye madarasa mapya, wengine ya kuimba, wengine kazi za mikono, wengine uandishi, wote wanaanza hawajuani. Waliwafuatilia miezi 7. Waimbaji walikaribiana upesi sana mwanzoni, wale wengine walikuwa bado wanasalimiana kwa adabu. Lakini ilipofika mwezi wa 7 ukaribu ulikuwa sawa, wa kuimba, wa kufuma, wa kuandika, wote wamefika pale pale. Mimi hili linanipa moyo sana kuliko hata lile la kwanza, maana kuna watu hawawezi kukimbia, magoti, pumu, au basi tu hawapendi, na hawana haja ya kujilazimisha. Kwaya, bao, kufuma, drafti, darasa la mapishi, bustani ya mboga ya kikundi, njia zote zinafika, zingine zinawahi zingine zinachelewa, cha muhimu usitoke mwezi wa pili ukasema hawa watu hawajanizoea.

Na kwanini hobi mpya hasa, kwanini isiwe ile uliyoizoea? Kuna jaribio la mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake, lilitoka mwaka 2000, la watu walioko kwenye mahusiano. Waliwafunga wawili wawili mikono na miguu pamoja, wakawaambia watambae kwenye mikeka ya jimu wamebeba mto katikati yao bila kuushika kwa mikono wala meno, kuna kizuizi cha kuruka, dakika 7. Wengine walipewa kazi ya kuchosha ya kusukuma mpira polepole. Waliotambaa na mto wakatoka wanauona uhusiano wao ni mzuri zaidi. Kitu kigeni, kigumu kidogo, mnakifanya wawili, mnakosea pamoja mnacheka pamoja. Kwahiyo hata wana ndoa wanaosema siku hizi tunaongelea ada na umeme tu, kuanza kitu wote hamkijui kunaweza kuwasaidia kuliko kwenda kukaa hotelini kila mtu na simu yake.

Mgeni kwenye hobi ana faida nyingine, anahitaji msaada waziwazi. Kwenye vikundi vingi vya jogingi kuna mtu kazi yake ni kubaki nyuma na wa mwisho, hakimbii spidi yake, anakimbia ya yule anayehema. Anamwambia legeza mabega, usikanyage kwa kisigino, pumulia na mdomo pia, tukifika pale kwenye nguzo tunatembea kidogo. Hapo hapo wanaanza kuulizana unakaa wapi, una watoto wangapi. Ukubwani ni wapi kwingine unampata mtu usiyemjua anakutunza hivyo bila kukudai kitu? Sisi watu wazima tumezoea kuficha tusichokijua, na ukificha hicho unakuwa umemfungia mlango mtu aliyekuwa tayari kukusaidia.

Kwa wanaume hili lina uzito wake. Mwanaume wa kwetu ni vigumu amkalie mwenzie uso kwa uso amwambie nina upweke, mambo yamenielemea. Lakini mkiwa bega kwa bega, macho yako kwenye kitu kingine, maneno yanatoka. Australia walilifanyia kazi, tangu miaka ya 1990 kuna karakana za mitaa za wanaume, wanakwenda kuranda mbao na kutengeneza vitu vilivyoharibika, na huko huko ndo wanaongea, na wazo hilo limeenea nchi nyingi. Sisi tuna bao. Mashimo 32, safu nne za nane nane, kete 64, wawili wanacheza na sita wamesimama wanafundisha kwa kelele, na katikati ya kelele mzee mmoja anasema hospitali wamenirudisha tena, hajamwangalia mtu, na wote wamesikia. Kesho kuna atakayempitia.

Sasa je, haya yana uhusiano na afya kweli au ni raha tu? Septemba 2023 ulitoka utafiti uliounganisha taarifa za wazee 93,263 wa miaka 65 na kuendelea kutoka nchi 16. Wenye hobi walikuwa na dalili chache za sonona, na walijisikia wana afya, furaha na kuridhika na maisha zaidi. Tuseme ukweli wote, mtu mwenye afya ni rahisi zaidi kuwa na hobi, kwahiyo huwezi kusema hobi ndo imefanya kila kitu, japo watafiti waliwafuatilia watu kwa miaka na kuondoa tofauti za kipato na hali ya ndoa, na uhusiano ukabaki. Na nchi zenyewe ni Marekani, Japani, China, Uingereza na 12 nyingine za Ulaya, Afrika haimo hata moja, na hilo linanikera maana vikundi tunavyo vya kutosha, wa kuja kuvipima ndo hawaji.

Upweke nao si jambo la Wazungu. Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani, ambayo mwenyekiti mwenza wake alikuwa Chido Mpemba wa Zimbabwe, ilitoa ripoti kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anaguswa na upweke, na ikakadiria vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka vinavyohusiana nao. Fikiria kijana aliyetoka Kigoma au Mtwara kaja Dar kutafuta, kapanga chumba kimoja, anatoka alfajiri anarudi usiku, majirani anawajua kwa sauti tu. Namba za simu anazo mia tatu, wa kumpelekea uji akiumwa hana. Huyu ndo namuandikia hasa.

Kama ni wewe, angalia mambo machache ukiwa unachagua. Kikundi kiwe na siku maalumu na watu wanaojirudia wale wale, maana wakibadilika kila wiki masaa hayajikusanyi. Kiwe na kitu mnafanya kwa mikono au miguu, grupu la WhatsApp peke yake halitoshi, lile ni la kukumbushana muda. Ulizia mapema michango, vikundi vingi vina ada ya mwezi na mfuko wa shida na raha, ujue kama unaimudu, na kama huimudu ongea na mtunza hazina wazi, vingi vinaelewa. Wakimaliza mazoezi usikimbilie bodaboda, ile nusu saa ya supu ndo yenye masaa yenyewe, hata ukiagiza chai kavu. Na kama una presha au kisukari pita hospitali kwanza wakuangalie kabla ya kuanza kukimbia. Wengi wanaanza saa kumi na mbili, raba za kawaida zinatosha, na tisheti watakuuzia ukishazoea.