Kushuka mlima fri hakuokoi mafuta, jamani

Wiki hii tena dereva mzoefu kabisa ananiambia mbele ya vijana anaowafundisha kwamba akifika mlima Kitonga kule Iringa, anarudi Dar, anatoa gia anashuka fri ili mafuta yabaki, na vijana wanatikisa vichwa kukubali. Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, naliandika.

Kinachowadanganya ni mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Ukitoa gia unashuka mpaka 600 hivi, ukiwa ndani ya gia unacheza kwenye 1,700, basi mtu anaona injini inapiga kelele anajua inakunywa. Sasa jiulize nani anaizungusha? Uko kwenye gia, mguu umetoka kwenye mafuta, gari inashuka, hapo matairi ndiyo yanaizungusha injini, kompyuta inaona hivyo inafunga nozeli, haliingii hata tone. Hata zile za pampu ya zamani gavana inakata dizeli vilevile. Ukitoa gia umetenganisha matairi na injini, na ili isizime lazima uilishe, na injini ya semi ikiwa sailensa tu, inanguruma bila kuvuta kitu, inakula kama lita 2 mpaka 3 kwa saa. Kwa hiyo kwenye gia ni sifuri, fri unalipia.

Na hapo bado breki. Fri huna breki ya ekzosi, ile inayotumia injini kukushika, kazi yote inabebwa na ngoma za magurudumu, zikipata moto breki zinalegea na huo mlima haujaisha. Wanaozima injini kabisa ndio wananitisha zaidi, kompresa imesimama, upepo wa breki unaotumia haurudi, usukani umekuwa mzito, na nyuma yako kuna mzigo.

Mafuta yanapotea kwingine. Chukua semi ya tani 56, ndiyo mwisho unaoruhusiwa kwetu, itoe kusimama mpaka 80, ule mwendo peke yake umekula karibu lita nzima ya dizeli, hapo sijahesabu upepo wala msuguano wa matairi. Ukikanyaga breki mpaka ikasimama, hiyo lita imekuwa joto kwenye ngoma. Ukitoka 80 kwenda 50 kwa breki umetupa zaidi ya nusu lita, na kati ya Morogoro na Iringa vibao vya 50 na matuta unavijua mwenyewe. Dereva mzuri anakiona kijiji mbali, anaachia mafuta mapema akiwa ndani ya gia, gari inajipunguza yenyewe bila kula kitu, breki anagusa mwishoni tu. Kukagua upepo wa matairi na kutoacha injini inanguruma kwenye foleni ya mpakani Tunduma mnajua tayari, fanyeni.

Halafu kuna wanaonibana na Eco-roll: mbona Scania, Volvo na Mercedes mpya zinajitoa gia zenyewe? Swali zuri, na jibu lake halinyooki. Kwenye mteremko mdogo sana, ukibaki kwenye gia injini inakuvuta nyuma, mwendo unashuka, unalazimika kukanyaga mafuta tena, hapo fri inashinda kweli. Lakini mpaka uko wapi? Unahama. Mteremko uleule ukiwa tupu ni kitu kimoja, ukiwa na mzigo ni kingine, upepo wa mbele nao unabadilisha. Siwezi kumchorea mtu ubaoni. Kompyuta inapima muda wote na gari ikianza kukimbia inarudisha gia yenyewe, ndiyo maana mwenye gia za mkono namwambia abaki ndani ya gia, hata kama mahali fulani anapoteza kidogo. Kitonga wala haimo kwenye mjadala huu, pale unaingia na gia nzito, ya chini, kabla mlima haujaanza.

Anayebisha bado, kama dashibodi yako inaonyesha ulaji wa papo kwa papo, mwambie utingo aitazame mnaposhuka kwenye gia bila mafuta. Itasoma 0.