Mpapatiko wa atiria: maana yake kwa mkimbiaji aliyevuka miaka 60

Kwenye cheti cha hospitali huandikwa herufi mbili tu, AF. Kwa Kiswahili ni mpapatiko wa atiria. Atiria ni vyumba viwili vya juu vya moyo, na kupapatika ni kule kutapatapa kwa kuku aliyetoka kuchinjwa: misuli inacheza, lakini hakuna kazi inayofanyika. Moyo wenye mpapatiko haujasimama. Vyumba vya chini, ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu mwilini, vinaendelea kupiga. Tatizo ni kwamba vinapokea amri za ovyo.

Katika moyo wenye afya, kila pigo huanzia kwenye kifundo kidogo cha seli kilicho kwenye chumba cha juu cha kulia. Kifundo hicho hutoa cheche ya umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Kwa aliyekimbia miaka mingi, 40 hadi 60 ni kawaida. Cheche hutambaa vyumba vya juu, vikakaza, kisha hupita kituo kimoja cha katikati na kushuka chini. Kwenye mpapatiko, cheche huzunguka vyumba vya juu kwa vurugu, 350 hadi 600 kwa dakika. Kituo cha katikati huzichuja na kuruhusu pengine 100 hadi 180 zishuke, lakini huziruhusu bila utaratibu. Ndiyo maana alama kuu ya ugonjwa huu si mapigo ya haraka. Ni mapigo yasiyo na mdundo. Ngoma ikipigwa haraka bado ni ngoma. Hii inafanana zaidi na matone ya kwanza ya mvua juu ya bati.

Mazoezi ya wastani hupunguza uwezekano wa kuupata, hasa kwa kuwa hushusha presha na uzito. Ila dozi ikiwa kubwa kwa miaka mingi, mambo hugeuka. Nchini Sweden kuna mashindano ya kuteleza juu ya theluji, Vasaloppet, ya kilomita 90. Watafiti waliwafuatilia washiriki 52,755 waliomaliza kati ya 1989 na 1998, wakachapisha matokeo mwaka 2013: waliomaliza mara 5 au zaidi walipata mpapatiko zaidi kuliko waliomaliza mara moja, kwa takriban asilimia 29. Sababu zinazotajwa ni kwamba vyumba vya juu hutanuka kwa kusukumwa na damu nyingi miaka nenda rudi, makovu madogo hujitokeza kwenye ukuta wake, na mishipa ya fahamu inayopunguza mwendo wa moyo hupata nguvu kupita kiasi. Hali hii imeonekana wazi zaidi kwa wanaume.

Lakini mkimbiaji wa Dar es Salaam au Nakuru asikimbilie kulaumu viatu vyake. Kwanza atafutiwe sababu za kawaida: presha, kisukari, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, pombe, na kukoroma kunakoambatana na kukatika pumzi usingizini. Kwetu kuna na nyingine ambayo Wasweden wameshaisahau, vali (mlango wa damu ndani ya moyo) iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Kwa hiyo ECG, kipimo cha umeme wa moyo, peke yake haitoshi. Omba na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, maana hali ya vali ndiyo itakayoamua dawa.

Mgonjwa huhisi nini? Wengine hawahisi chochote. Vyumba vya juu visipokaza, vya chini hukosa ile sehemu ya mwisho ya damu, karibu asilimia 20 ya ujazo. Mtu aliyeketi hawezi kuigundua. Anayepanda mlima wa kuelekea Mweka kwenye nusu marathoni ya Moshi ataigundua mara moja: kasi yake ya dakika 6 na nusu kwa kilomita inakuwa 8, miguu mizito, pumzi fupi, na hakuna sababu inayoonekana. Wakimbiaji wengi husema "leo sijalala vizuri" na kupita. Ikijirudia, usiseme hivyo tena. Jambo jingine la ajabu ni kwamba kwa wanamichezo mpapatiko huweza kuja usiku, baada ya mlo mkubwa, au saa chache baada ya mbio, yaani pale moyo unapopunguza mwendo.

Kipimo cha nyumbani ni vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Pima asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Hesabu sekunde 30 uzidishe kwa 2, na ukisikia mdundo umevurugika hesabu dakika nzima. Wakati unahesabu, gonga mguu polepole kufuata mapigo. Pigo moja kuruka kisha mdundo kurudi ulivyokuwa hutokea kwa watu wengi, na mdundo kubadilika kidogo kwa kupumua si ugonjwa. Kama mguu hauwezi kabisa kutabiri pigo lijalo, nenda ukapigwe ECG siku hiyo hiyo, wakati vurugu bado ipo. Ukisubiri wiki ijayo karatasi inaweza kutoka safi. Ikiwa inakuja na kuondoka, ndipo hutumika kifaa cha ECG cha kuvaa saa 24 au zaidi.

Saa za mkononi husaidia, lakini zina uongo wake. Zile zinazotumia taa ya kijani hupoteza mapigo dhaifu, na mpapatiko umejaa mapigo dhaifu, hivyo saa huonyesha idadi ndogo kuliko ukweli. Wakati mwingine saa hushika hatua badala ya moyo: ukiona 170 imetulia kabisa huku unaongea bila shida, huenda inahesabu miguu. Mkanda wa kifuani ni bora, ingawa nao hauandiki cheti.

Kinachoua kwenye mpapatiko mara nyingi si mapigo yenyewe, ni kiharusi. Damu hutuama kwenye kijimfuko cha chumba cha juu cha kushoto, huganda, na bonge likichomoka huenda ubongoni. Hatari ya kiharusi huwa takriban mara 5 ya asiye na mpapatiko. Daktari huhesabu alama, na kwa mfumo wa Ulaya wa mwaka 2024 ni hivi: presha 1, kisukari 1, moyo kushindwa kazi 1, ugonjwa wa mishipa ya damu 1, umri wa 65 hadi 74 alama 1, miaka 75 na zaidi alama 2, aliyewahi kupata kiharusi 2. Ukifikisha 2, dawa ya kuzuia damu kuganda inapendekezwa. Ukiwa na 1, mnalizungumza na daktari wako. Mzee wa miaka 68 mwenye presha ana 2 tayari. Medali haziondoi hata alama moja, na hili ndilo wakimbiaji hulikataa kwa nguvu zote. Aspirini nayo si mbadala.

Dawa zenyewe ni warfarini ya zamani na zile mpya kama apiksabani na rivaroksabani. Mwenye vali ya chuma, au vali ya kushoto iliyosinyaa kwa baridi yabisi kwa kiwango cha kati au kikubwa, hutumia warfarini. Warfarini hutaka INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, ikae kati ya 2 na 3 kwa wengi (vali ya chuma huweza kuhitaji zaidi), na hugombana na mboga za majani. Usiache mchicha wala sukuma wiki. Kula kiasi kile kile kila wiki, maana kinachoharibu hesabu ni leo sahani tatu, kesho hakuna. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wakimbiaji humeza kama peremende kwa ajili ya magoti, ziachwe: pamoja na dawa hizi huleta damu tumboni, hupandisha presha na kuumiza figo, hasa mtu akiwa amekaukiwa maji. Kwa maumivu uliza kuhusu parasetamoli.

Je, unaweza kukimbia? Wengi huweza, baada ya presha na mapigo kudhibitiwa na eko kuonyesha moyo usio na kasoro nyingine kubwa. Ila tupa ile fomula ya 220 kutoa umri. Kwa mwenye miaka 65 inatoa 155, lakini dawa za kupunguza mapigo kama atenololi au bisoprololi huweka kifuniko: aliyezoea kufika 150 anaweza kugota kwenye 115 huku amechoka hoi. Anayejilazimisha kufikia namba ya zamani ndiye anayeanguka. Digoksini ina kasoro ya upande wa pili, hutuliza mapigo mtu akiwa amekaa lakini ikiwa peke yake hushindwa anapokimbia. Mwambie daktari kwamba unakimbia, apime mapigo yako ukiwa kwenye mwendo.

Badala ya namba tumia mdomo. Kama unaweza kusema sentensi ya maneno kumi bila kukata pumzi, kasi ni sahihi; ukiweza kuimba, ongeza kidogo; ukitoa neno mojamoja, tembea. Anza na dakika 30, siku 3 kwa wiki, dakika 1 ya kukimbia na 2 za kutembea, na usiongeze muda na kasi kwa wiki moja. Pasha mwili dakika 10 na umalizie kwa kutembea dakika 10, kwa sababu ukisimama ghafla damu hubaki miguuni na kichwa huzunguka. Pwani, ondoka kabla ya saa 12 asubuhi, lakini penye taa na barabara iliyo sawa. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda akianguka na kugonga kichwa huenda hospitali hata kama anajisikia mzima. Damu ndani ya fuvu huweza kujikusanya polepole.

Maumivu ya kifua, kuzimia au kukaribia kuzimia, mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama: mbio zimeishia hapo, hata kama imebaki kilomita 1.

Nyuma ya namba ya mashindano mara nyingi pana nafasi ya taarifa za afya, na wengi huiacha tupu. Andika AF, jina la dawa yako ya damu na dozi yake, na simu ya mtu ambaye siku hiyo hakimbii.